Mgeni, Jembe na Postikadi

Oktoba 1961, katika viwanja vya chuo kikuu cha Ibadan, Nigeria, postikadi moja ilidondoka njiani kabla haijafika kwenye sanduku la posta. Aliyeiandika alikuwa binti wa Kimarekani wa miaka 23, Margery Michelmore, mmoja wa kundi la kwanza la Peace Corps kufika Nigeria. Aliyeiokota alikuwa mwanafunzi wa hapo hapo chuoni. Akaisoma. Nani asingeisoma? Postikadi haina bahasha, ndugu msomaji, na tabia ya binadamu tunaijua.

Humo binti alikuwa akimweleza rafiki yake aliyeko Cambridge, Massachusetts, jinsi jiji la Ibadan lilivyo la ajabu na la kuvutia. Halafu, kwa mistari michache tu, akaeleza alivyoshtushwa na uchafu na hali duni ya maisha. Kwamba watu wanapika mitaani, wanauza vitu mitaani, na hata haja zao wanamalizia huko huko mitaani. Basi. Muda si muda nakala za kadi zikaenea chuo kizima. Wanafunzi wakaitisha mkutano, wakawaita Peace Corps mawakala wa ubeberu, wakataka wafungashiwe virago. Magazeti ya Nigeria na ya Marekani yakaidaka habari. Michelmore akaomba radhi, akaondoka Nigeria, na baadaye akapewa kazi makao makuu ya Peace Corps, Washington. Rais Kennedy mwenyewe alimwandikia kijibarua kwa mkono wake kumtia moyo.

Kisa hiki husimuliwa kama kioja cha kidiplomasia. Mimi nakiona kuwa kisa cha uandishi, tena cha uandishi wa vijana. Wasimuliaji wengi huruka kwamba binti huyu hakuwa mbumbumbu. Alikuwa mhitimu wa Smith College, na kabla ya kupanda ndege kundi lake lilipigwa msasa pale Harvard, likafundishwa habari za Nigeria na wasomi waliobobea. Na bado, kwenye kadi hiyo hiyo, aliandika kwamba pamoja na mafunzo yote waliyopata hawakuwa wamejiandaa kwa yale waliyoyaona. Huruka pia kwamba hakuishia kwenye mshtuko: alisema ukishapita, unagundua kuwa safari ina mengi ya kukufaidisha. Na zaidi ya yote huruka mwanzo wa kadi yenyewe, pale alipomtaka rafiki yake asikasirike kwa kutumiwa kadi tu, akaahidi kwamba safari ijayo ataandika barua.

Kadi kwanza, barua baadaye. Ukitaka kuelewa tatizo zima la kozi zinazopeleka wanafunzi ng'ambo kufanya kazi za kujitolea na kujifunza humo humo kazini, liko hapo. Kadi ni mshtuko wa wiki ya kwanza. Barua ni kile kinachobaki baada ya mtu kujiuliza kwa nini alishtuka, na alichokiona kimetokana na nini, na yeye ni nani hata akashtuka. Wataalamu wa elimu hukiita tafakuri. Kwa zaidi ya nusu karne wamekuwa wakitafuta namna ya kumvusha kijana kutoka kwenye kadi hadi kwenye barua. Wamevumbua maswali, shajara, semina na vikao vya jioni. Lakini postikadi ya Ibadan, pamoja na ubovu wake, ilipata kitu ambacho kozi nyingi zilizofuata hazikukipata: ilisomwa na walioandikwa.

Hebu turudi nyuma kidogo. Oktoba 1960, saa nane za usiku, Kennedy akiwa bado mgombea alisimama mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan akawauliza ni wangapi kati yao, hasa wale wanaosomea udaktari, wako tayari kwenda kufanya kazi Ghana. Machi 1961, akiwa sasa rais, akaianzisha Peace Corps. Kundi la Tanganyika lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa: wapima ardhi, wanajiolojia na wahandisi wa barabara, waliofundishwa El Paso, Texas, kule mpakani mwa Mexico. Hesabu za siku hizo zilikuwa za mikono. Barabara ngapi, madarasa mangapi, watu wangapi. Kuhusu kichwa cha mwenye mikono, kwamba jioni kinawaza nini na kinaandika nini, kazi hiyo iliachiwa posta.

Na Ibadan ya 1961 haikuwa mahali pa kudondosha karatasi ovyo. Mwaka huo huo, jiji hilo hilo, ndipo ilipoanzishwa klabu ya Mbari, kijiwe cha akina Wole Soyinka, Chinua Achebe, Christopher Okigbo na Ulli Beier. Pale chuoni wanafunzi walikuwa na jarida lao la mashairi, The Horn, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 50, la bei poa na karatasi za kawaida kama haya majarida yetu. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa J. P. Clark. Kwa hiyo binti wa watu alidhani amefika mahali pasipo na wasomaji, kumbe ameangukia katikati yao. Kadi yake ilipitiwa neno kwa neno, kama shairi baya linavyopitiwa na wahariri wasio na huruma.

Huyo Clark ana sehemu yake ya pekee katika habari hii. Mwaka 1962 alipata nafasi ya kwenda Princeton, Marekani, kwa ufadhili ulioitwa Parvin, uliokusudiwa kuwapa vijana wa nchi changa mwaka mmoja wa kusoma na kuijua Marekani. Naye akaijua. Akaiandika pia: mwaka 1964 kilitoka kitabu chake America, Their America, kitabu cha hasira, chenye dharau, chenye kuchekesha, kinachowasema wenyeji wake hadharani bila kubana maneno. Ufadhili wake ulikatizwa kabla mwaka haujakwisha. Ukiziweka hadithi hizi mbili kando kwa kando unapata picha kamili. Mgeni wa Kimarekani aliandika kadi ya siri ikawa ya wazi, akarudishwa kwao na barua ya rais mkononi. Mgeni wa Kiafrika aliandika kitabu cha wazi, na alikuwa ameshaonyeshwa mlango. Sisemi Clark alikuwa na haki kwa kila alichokiandika. Kuna kurasa anazomshambulia mtu kwa sababu tu siku hiyo ameamka vibaya. Lakini alijua kuwa wenyeji wake watamsoma, na kujua huko kunasikika katika kila sentensi.

Kuna mtu mmoja hatujamtaja. Yule mama aliyekuwa akipika na kuuza chakula mtaani Ibadan. Michelmore alimwandika. Wanafunzi walikasirika kwa niaba yake. Hakuna aliyemuuliza. Wanafunzi wa chuo kile, tukubaliane, walikuwa wateule wachache wa nchi, wanalala mabwenini kwenye shuka zilizofuliwa, na wengine kati yao walikuwa mbali na mtaa ule karibu sawa na huyo Mmarekani. Hasira yao ilikuwa ya haki, lakini ilikuwa pia hasira ya mtu aliyeumbuliwa mbele ya mgeni. Swali la nani anamsemea nani halimhusu mzungu peke yake.

Kwetu swali hilo lililipuka miaka mitano baadaye, mwezi ule ule wa Oktoba. Mwaka 1966 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wahitimu wa vyuo na shule za juu lazima waende Jeshi la Kujenga Taifa. Mpango ulikuwa wa miaka miwili. Baada ya miezi ya kambini, kijana angefanya kazi yake ya kawaida kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wakaandamana na majoho yao hadi Ikulu. Tamko walilolisoma mbele ya Mwalimu Nyerere lilikuwa na sentensi moja ambayo mpaka leo watu wa elimu wanapaswa kuibandika ukutani. Walisema, kwa maana yake, kwamba miili yao inaweza kwenda huko jeshini, lakini roho zao zitabaki nje. Mwalimu alichemka. Karibu vijana 400 wakafukuzwa chuo siku hiyo hiyo, na yeye mwenyewe akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20.

Watu wa siasa wameandika mengi kuhusu siku ile, nani alikuwa na kiburi na nani alikuwa na haki. Kwa habari yetu hii inatosha ile sentensi. Vijana walisema wazi kitu ambacho mpanga kozi yeyote anakiogopa: unaweza kumpeleka mwanafunzi kijijini, ukampa jembe, ukamhesabu asubuhi na jioni, na bado asiwepo. Mwili uko Ruvu, roho iko Upanga. Tafakuri ni kazi ya roho, na roho haiitikii mahudhurio. Na hapa hapakuwa hata na ng'ambo. Ilikuwa nchi yao wenyewe.

Mwalimu, miaka minne kabla, katika kijitabu chake cha 1962 kuhusu Ujamaa, alikuwa amekumbusha methali tunayoijua wote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumeizoea mno hata hatuisikii tena. Isome kama mtu anayepanga kozi. Mgeni hafiki na jembe lake. Siku mbili anakula, anatazama, anajifunza nani ni nani na choo kiko wapi. Siku ya tatu jembe linatoka kwa mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayejua shamba lipi linapaliliwa na lipi limepumzishwa. Tena mgeni analima bega kwa bega na mwenye shamba, ambaye ana ulimi na atamwambia akikata mche badala ya gugu. Sijui kozi iliyopangwa vizuri zaidi kwa maneno machache kuliko haya.

Marekani jina la jambo hili lilipatikana karibu na wakati huo huo. Mwaka 1967 Robert Sigmon na William Ramsay, waliokuwa wakishughulika na mafunzo ya wanafunzi wa vyuo katika majimbo ya kusini ya Marekani, walianza kuunganisha maneno mawili, huduma na kujifunza, kuwa neno moja. Ilikuwa ni kusema kwamba kazi bila somo haitoshi, na somo bila kazi halitoshi. Mwaka 1979 Sigmon akachapisha kanuni zake tatu, na ya kwanza ni kwamba wanaohudumiwa ndio waitawale huduma wanayopewa. Hebu niambie, msomaji, hiyo ina tofauti gani na jembe la siku ya tatu? Kanuni nyingine inasema anayehudumu ni mwanafunzi pia. Yaani, mgeni alimaye hafanyi hisani. Analipa ada ya masomo.

Lakini kati ya 1967 na 1979 alipita mtu mmoja akavuruga karamu. Ivan Illich alizaliwa Vienna mwaka 1926, akawa padri, akafanya kazi New York kwenye parokia ya wahamiaji kutoka Puerto Rico, kisha mwaka 1961 akafungua kituo huko Cuernavaca, Mexico. Kazi mojawapo ya kituo ilikuwa kuwafundisha Kihispania wamisionari na watu wa kujitolea waliotaka kwenda Amerika Kusini, na kufundisha kwenyewe kulikuwa kwa kukamiana, siku nzima, mpaka mtu anaota kwa lugha hiyo. Tarehe 20 Aprili 1968 alialikwa kuwahutubia wanafunzi wa Kimarekani waliozoea kwenda vijijini Mexico wakati wa kiangazi kusaidia watu. Pengine walitegemea baraka. Hotuba ile ilikuja kujulikana kwa jina la To Hell with Good Intentions. Kwa Kiswahili cha mtaani: nia njema na ipotelee mbali.

Aliwaambia, kwa ufupi, kwamba hata wakiwa na moyo mweupe wao ni wachuuzi wa maisha ya Kimarekani na hawajui kama ni wachuuzi. Kwamba kijijini watakuwa kama mabubu na viziwi, hawajui watu wanasema nini juu yao. Kwamba kama lazima wafanye kazi na maskini, basi wabaki kwao, wawaendee maskini wa huko kwao, ambao wanaweza kuwafukuza kwa lugha wanayoielewa. Na Mexico? Waje, alisema, lakini waje kutazama, kupanda milima, kufurahia maua, kusoma. Wasije kusaidia.

Mimi naipenda hotuba hii na sikubaliani nayo yote. Illich alimwona mwanakijiji kama mtu asiye na jinsi, anayeletewa mgeni kama mvua ya mawe. Wanakijiji ninaowafahamu mimi si hivyo. Wanajua kumpima mgeni kabla hajashuka kwenye basi. Lakini pale aliposema juu ya maskini anayeweza kukujibu, alipiga msumari. Kadi ya Ibadan ilijibiwa kwa sababu ilidondoka chuo kikuu, mikononi mwa watu wenye Kiingereza, karatasi na magazeti. Ingedondoka sokoni, ingefungiwa karanga.

Kilichofuata kingemchekesha Illich mwenyewe. Wale wale aliowashambulia waliichukua hotuba yake, wakaifanya somo. Mwaka 1990 ilichapwa tena ndani ya kitabu kikubwa cha Kimarekani cha waalimu wa kozi hizi, na tangu hapo vyuo vingi huwasomesha wanafunzi hotuba inayowaambia wasiende, wiki chache kabla ya kuondoka. Wanaisoma, wanaijadili, wanaiandikia insha, wanapanda ndege. Kuna wanaoona huu ni unafiki. Nadhani si lazima. Mwanafunzi akisoma ile hotuba na kuondoka nayo kama mwiba kwenye kiatu, safari nzima itamchoma. Tatizo ni pale mwiba unapowekewa tarehe ya kukusanya na alama kumi.

Mwaka ule ule wa 1968, chuo kidogo cha Wamenonaiti katika jimbo la Indiana, Goshen College, kilianza kitu tofauti na makelele ya wengine. Waliamua kwamba kwenda nje, kusoma na kutumika kuwe sehemu ya elimu ya kawaida ya wanafunzi wao, isiwe anasa ya wachache wenye nauli. Makundi ya kwanza yalikwenda Costa Rica, Guadeloupe na Jamaika, kila kundi na mwalimu wake. Mpango wao ulikuwa rahisi kueleza: nusu ya kwanza ya muhula mnakaa na familia za wenyeji mjini, mnasoma lugha, historia na desturi, nusu ya pili mnatawanyika mikoani kufanya kazi. Unaona siku mbili za mgeni hapo? Ila kwao zilikuwa wiki kadhaa. Mtu anapopewa jembe ameshakosea majina ya watu mara hamsini, ameshachekwa mezani, ameshajua ni swali gani haliulizwi mbele ya wazee. Anachokiandika baada ya hapo hakiwezi kuwa kadi ya wiki ya kwanza, hata akitaka.

Hapo ndipo tunafika kwenye shajara, silaha kuu ya kozi hizi. Wazo lenyewe lina mizizi kwa John Dewey, mwanafalsafa wa Kimarekani, aliyeandika mwaka 1910 kwamba kufikiri kwa kweli huanzia penye mashaka, pale mtu anapokwama. Asiyekwama hafikiri, anaendelea tu. Mwaka 1970 mwalimu wa Philadelphia, Terry Borton, akaja na maswali matatu mafupi ambayo sasa yameenea kila mahali: Nini? Kwa hiyo nini? Sasa nini? Yaani kimetokea nini, kina maana gani, na sasa unafanyaje. Ni maswali mazuri. Nakushauri hata wewe mwandishi chipukizi uyajaribu kwenye hadithi yako inayogoma kusonga. Lakini nimesoma shajara kadhaa za wageni, walizonipa wenyewe kwa hiari yao, na nyingi zina ugonjwa mmoja: zinajua msomaji wake ni nani. Ni profesa. Kwa hiyo mshtuko unafika ukurasa wa tatu kama ulivyopangwa, majuto ukurasa wa nane, na ukurasa wa mwisho mwandishi amebadilika, ni mtu mpya, anawashukuru watoto waliomfundisha maana ya furaha. Watoto hao hawana majina. Hawajawahi kusema sentensi nzima. Wanatabasamu tu, kurasa arobaini.

Kwa lugha ya ufundi wetu, hao si wahusika. Ni mapambo. Na shajara yenye mapambo, hata iwe na machozi kiasi gani, bado ni postikadi, ila ni ndefu.

Mtu aliyechunguza kwa makini kinachobaki baada ya safari ni Richard Kiely. Yeye alishiriki kuendesha kozi iliyokuwa ikiwapeleka wanafunzi wa jimbo la New York kufanya kazi za afya Puerto Cabezas, Nicaragua, kuanzia miaka ya 90, na akawafuatilia wale waliorudi. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2004 na 2005 hayakuwapa raha wapenda vipeperushi. Aligundua kwamba kuna mshtuko wa aina mbili. Upo wa chakula, joto, lugha; huo unaisha mtu akizoea. Na upo wa kuukuta umaskini uso kwa uso na kuanza kuona nafasi ya nchi yako ndani yake. Huo hauishi, hata mtu akirudi kwao. Wanafunzi walibadilika kweli kimawazo. Lakini walipofika nyumbani, mbele ya wazazi, marafiki na maduka makubwa, wengi walijikuta wakificha walichokijua ili waelewane na watu. Kiely akawapa jina: wana ugonjwa wa kinyonga. Rangi moja ndani, nyingine nje.

Kinyonga huyu ananisumbua, kwa sababu anaonyesha kozi nyingi zinakoishia. Zinashughulika sana na safari ya kwenda, zinasahau ya kurudi. Kikao cha mwisho cha tafakuri hufanyika kabla ya kupanda ndege, wakati mshtuko mkubwa bado haujakutana na chumba cha zamani, kitanda cha zamani na mama anayeuliza, eti, ulifurahi? Kozi inayojali ingekuwa na nusu yake baada ya kurudi. Ingemfuata mwanafunzi mpaka jikoni kwao.

Na sisi je, wenyeji? Tusijifanye malaika. Tunazuga. Mgeni akija Moshi au Arusha akiuliza maisha yakoje, tunajua anachopenda kusikia. Kama anapenda shida tunampa shida, kama anapenda utamaduni tunamtolea ngoma. Akiuliza kama kazi yake imesaidia, tunasema sana, asante, karibu tena, hata kama ukuta alioujenga asubuhi tuliubomoa usiku na fundi wetu akaujenga upya. Adabu hiyo ina sababu zake: mgeni ana fedha, na barua yake inaweza kuleta au kufuta mradi. Lakini nayo ni postikadi, upande wa pili wenye picha. Wote wawili tunatumiana kadi, halafu tunashangaa kwa nini hakuna anayejifunza.

Wako waliojaribu kulivunja hili. Huko Petersfield, Jamaika, chama cha wanakijiji kilichozoea kupokea wanafunzi wa Kimarekani ndicho kilichosaidia kuzaa wazo la kujifunza kwa biashara ya haki: mwenyeji ana sauti katika kupanga kozi, fedha zinajulikana zinakwenda wapi, na kuridhika kwa mwanafunzi si kipimo pekee. Mwaka 2014 kanuni hizo zilichapishwa rasmi na Eric Hartman na wenzake. Ukizisoma utaona kama kikao cha ushirika wa kahawa: nani anaamua, nani analipwa, nani anaweza kusema hapana. Hazina mashairi. Zinafaa.

Kama ningeombwa ushauri na mtu anayepanga kozi ya namna hii kuja kwetu, nisingegusa maswali yake ya tafakuri. Ningemwomba abadilishe msomaji. Wiki ya kwanza mwanafunzi aandike kadi yake, kwa ukweli wote, mshtuko na yote, aitie kwenye bahasha. Wiki ya mwisho aandike barua, na barua hiyo iwe kwa Kiswahili, hicho hicho Kiswahili chake cha miezi mitatu kinachochechemea, aisome kwa sauti kwenye ua wa nyumba aliyolala, mbele ya mama aliyempikia na fundi aliyemrudia ukuta. Kiswahili cha miezi mitatu hakina maneno makubwa ya kujifichia. Huwezi kusema umebadilishwa kiroho; utaweza kusema tu nilikuja, nilifikiri hivi, sivyo, na sijui bado kwa nini. Akishamaliza, afungue ile kadi ya kwanza, nayo aisome. Watu watacheka kwanza, maana atakuwa amewachanganya baba mdogo na baba mkubwa. Halafu mmoja wao, nadhani fundi, atamwuliza swali.